Kidude cha Uradi

Simu ya mdogo wangu huja Alhamisi, baada ya alasiri, na huwa ya dakika kumi na tano. Hazizidi. Ikibaki moja, huingia sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, ikatwambia hivyo kwa Kiarabu, na sote wawili hunyamaza kumsikiliza kama mgeni aliyepiga hodi wakati wa chakula. Akishaondoka tunarudi tulipokuwa, lakini maneno huwa yameshapoa.

Dakika hizo nazilipia mimi. Nashona kofia za viua, zile zenye vitundu vilivyodariziwa kwa mkono, kazi niliyofundishwa na Mama, na kofia moja nzuri hunichukua wiki tano au sita. Sehemu ya bei yake huenda dirishani, kule gerezani wanakopokea fedha za walio na jamaa ndani, na ndani huigeuza kuwa dakika. Nimeshazoea kukitazama kiua kilichokamilika nikajua ni maneno mangapi ya mdogo wangu.

Nilitoka skuli nikiwa darasa la tisa. Baba alikufa, Mama akaingia eda, na mimi ndiye mkubwa wa watoto watatu. Mdogo wetu huyu alikuwa na miezi minane. Nilimfunga mgongoni kwa leso, nikakaa uani kwetu hapa Bawshar, huku Arabuni, kofia juu ya goti, naye analala huku akinitia mate shingoni. Eda ya Mama iliisha kwa siku zake. Mimi sikurudi skuli. Sisemi hivi kwa kulalamika; nasema ili ijulikane kwamba yule ni ndugu yangu na pia ni mtoto wangu wa mgongoni, na kwamba nilipomdanganya nilijua nnamdanganya nani.

Alipokuwa na miaka ishirini na nne, Mama alianza kumtilia shaka. Usingizi wa mchana, macho, marafiki wa kusubiri nje na gari bila ya kushuka. Siku moja akamwekea msahafu wake juu ya meza. Hakumwambia aape. Mdogo wangu mwenyewe akaweka mkono juu yake akasema, "Wallahi Mama, situmii kitu chochote." Siku kumi baadaye alisimamishwa barabarani, na ndani ya gari vikakutwa vidonge. Vingine havikuwa vyake. Vingine vilikuwa vyake. Akahukumiwa miaka sita.

Siku ya hukumu Mama alikaa nyumbani. Nilimletea khabari, akanisikiliza amesimama kwenye mlango wa ukumbini, mkono juu ya mwimo. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Ameapa juu ya msahafu wangu. Na mie naapa. Wallahi sitomsemesha yule mpaka aingie kwa mlango huu kwa miguu yake."

Mama hakuwa mtu wa kuapa. Katika maisha yangu yote nilimsikia akiapa mara hiyo tu.

Nambari ya simu aliyoiandikisha mdogo wangu kule ilikuwa ya Mama, kwa sababu ndiyo pekee aliyoijua kwa moyo. Kwa hiyo Alhamisi ya kwanza, simu iliyolia ilikuwa ya Mama, mkononi mwake. Akanipa.

"Pokea wewe. Mie nimeapa."

"Basi nikae nayo nje?"

Akanitazama kama niliyesema jambo la kitoto. "Nimeapa sitosema," akasema. "Sikuapa sitosikia. Weka spika."

Alikaa juu ya kitanda chake, upande wa dirishani, na kidoleni amevaa kile kidude cha kuhesabia uradi, dhikri zake za kila siku, cha plastiki, chenye kitufe cha kubonyeza kwa dole gumba na tarakimu kwenye kidirisha. Tasbihi alikuwa nayo, lakini vidole vyake vilishaanza kuvimba viungo, na kidude kilimpa raha. Kila akibonyeza kinatoa mlio: tk. Tulikwisha kuuzoea nyumbani hata tusiusikie. Mama akipika, tk. Akikaa garini, tk. Kilinyamaza kwa mambo mawili tu: sala, na adhana. Muadhini akianza, Mama alikuwa anakiacha hapo hapo, hata akiwa katikati ya hesabu, anamwitikia neno kwa neno hadi mwisho. Tangu utoto tulijua kuwa wakati ule Mama hasemeshwi.

"Dada," mdogo wangu akasema siku ile ya kwanza. "Mama yupo?"

"Yupo. Anakusikia."

"Mbona hasemi?"

Tk. Tk. Tk.

"Aa," akasema. Nikamsikia akivuta pumzi. "Namsikia."

Hivyo ndivyo walivyosemezana mama na mwana kwa zaidi ya miaka miwili. Yeye alieleza habari zake, na Mama alibonyeza. Baada ya muda nilijua kuwa vile vitk vilikuwa na mwendo. Akisimulia upuuzi wa wenzake, kidude kilikwenda taratibu, kwa raha. Akisema anaumwa, kilichelewa baina ya mmoja na mwingine, kama mtu anayesikiliza kwa sikio zuri. Mwezi mmoja alikataa chakula. Siku tisa hakula, kwa sababu, alisema, hawezi kuishi na mama aliye hai asiyemsemesha. Aliponiambia hayo, Mama aliacha kubonyeza kabisa. Kimya kile kilikuwa kizito hata yeye, kule aliko, akasema, "Basi Mama, basi. Ntakula." Kidude kikaanza tena.

Mara nyingi nilimwomba. Nilimwambia, "Mama, kiapo si kina kafara? Lisha maskini kumi, useme na mwanao."

"Kiapo si nguo, ukaivua kwa kuwa kuna joto."

"Na Mungu kaifungua njia."

"Nijifunze dini kwako, we uliyetoka darasa la tisa?" Lakini alicheka aliposema hivyo, na mimi nilicheka.

Mwaka huu, wiki moja baada ya Idi, aliniita asubuhi akaniambia, "Kaninunulie vile vibati vya foili vyenye mifuniko. Kumi."

Hakuniambia ni vya nini, nami sikuuliza. Niliogopa nikiuliza atakataa. Alisimama mwenyewe jikoni. Muuza samaki wa Yiti alikuwa amepita asubuhi na pikapu yake, lakini samaki waliobaki walikuwa wachache, na walipokaangwa wakatosha watu sita. Mama akajaza wali vibati sita, akapanga samaki juu, akafunika.

"Wapelekee wale wafagiaji wa barabara kule wadini, kwenye mto mkavu. Wanne waliobaki kesho, inshallah."

Nilikwenda, nikawagaia, nikarudi. Nilimkuta amekaa chini jikoni, mgongo kwenye kabati, mwiko bado mkononi, na upande mmoja wa mdomo umeshuka. Alinitazama. Alitaka kusema kitu. Hospitali alikaa siku mbili na hakikutoka.

Vile vibati vinne vitupu vilikuwa juu ya friji alikoviweka.

Alizikwa Jumanne. Alhamisi ilikuwa siku ya tatu ya matanga, na nyumba ilikuwa imejaa wanawake, wengine wanasoma, wengine wanakunywa kahawa, viatu vimefika hadi barazani. Simu ya Mama ilikuwa kwenye mfuko wa nguo yangu. Nilikuwa nimeisahau. Ilipolia, kila mtu aliyeujua mlio ule alinyanyua kichwa.

Shangazi yangu, dada wa Baba, alinikamata mkono kabla sijaitoa.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Utamwambia nini?"

"Ntamwambia, shangazi. Nifanyeje?"

"Kwa simu?" Alinivuta hadi mlango wa chumba cha Mama. "Khabari ya mauti haipitishwi kwenye waya, we mwana. Mtu hupewa akiwa ameshikwa mkono. Kule nani atamshika? Askari? Yule aligoma kula siku tisa kwa kunyimwa neno tu. Akiambiwa hili atagoma kupumua." Kisha akageukia ukumbini, akasema kwa ile sauti yake ya kuitia watu kutoka mwisho wa mtaa, "Nyamazeni! Nyote! Asikohoe mtu!"

Wanawake wote wakanyamaza, misahafu imefunguliwa mapajani. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikapokea.

"Dada! Mbona umechelewa? Nishadhani mmenitupa."

"Nilikuwa jikoni."

"Mama yupo?"

Kidude kilikuwa juu ya mto. Mtu alikivua kidoleni mwake hospitali akanipa, nami nilikiweka pale bila ya kufikiri. Nilikitazama. Nilitaka kusema maneno mawili tu, na maneno yenyewe niliyajua. Badala yake nikanyoosha mkono nikabonyeza.

Tk.

"Asalaam alaykum, Mama," akasema mdogo wangu kwa furaha, akaanza kutuelezea kwamba wamebadilishiwa mpishi.

Tangu siku hiyo nililipa kila mwezi ili aseme na kidude.

Fedha za dirishani nilimpa mtoto wa Shangazi apeleke. Mwenyewe sikwenda tena. Zamani nilikwenda kumwona kila nilipopata gari, tukaonana nyuma ya kioo, lakini sasa nilimwambia magoti yananiuma. Kwa simu nilikuwa na sauti tu ya kuitawala. Uso nisingeuweza.

Nayo simu ya Mama ilitaka kulishwa, maana laini isiyotiwa salio hukatwa. Karibu na nyumba ya mdogo wangu wa kati, aliyeolewa Khuwair ya Kusini, kuna duka ambako Mama alikuwa akinunua vocha. Muuzaji, mtu wa Kerala, aliijua nambari yake kwa kichwa. Kila nikiingia hunyanyua mkono kunisalimia na kuniuliza kwa Kiarabu cha kazini, "Mama zen?"

"Zen," yaani mzima, nikamjibu mara ya kwanza. Ningeweza kumwambia kweli. Yeye na mdogo wangu wa gerezani hawakutani popote. Lakini uongo wangu niliuona kama chungu kilichopasuka: ukikigusa upande mmoja, upande mwingine utavuja.

Mdogo wangu wa kati alikuja kwetu Alhamisi mbili za mwanzo, na ya pili akatoka chumbani amejiziba masikio. "Dada, kitupe kitu hicho," aliniambia uani. "Nikikusikia unabonyeza, moyo wangu unageuka kutazama kama yupo."

"Na wangu je?"

"Wako sijui. Wako umeufanya nini?"

Hakuja tena siku za Alhamisi.

Nilikuwa nakaa juu ya kitanda cha Mama, lakini si mahali pake. Upande wa dirishani godoro lilikuwa na bonde la kukaa kwake, nami nilikaa kando ya bonde lile, simu katikati. Mwanzo nilibonyeza bila kutaja chochote, na hilo lilinitisha zaidi ya uongo wenyewe, maana kidude kile kilikuwa na hesabu ya Mama ndani yake. Tarakimu aliyoiacha ilikuwa ni ya maneno aliyoyasema kweli, na mimi nilikuwa naongeza juu yake mabonyezo matupu. Nikaanza kusoma kimoyomoyo, nikimnuilia yeye, ili angalau kila mlio uwe na neno lake. Hata hivyo niliona kama natia maji kwenye asali ya mtu.

Siku nyengine nilikuwa nashona kofia, bomba la jikoni likidondosha tk, tk, nikajikuta nimenyanyuka kwenda kumwambia Mama chai iko tayari. Nikafika hadi mlangoni. Mkono wangu ukashika kitasa.

Mwezi wa saba wa mambo hayo, Alhamisi moja, simu ilichelewa. Saa kumi na nusu ikapita, saa kumi na moja ikapita. Siku za baridi jua linakwenda mapema, na chumba kilishaanza kuwa cha kijivu ilipolia.

"Leo foleni," akasema. "Watu wamepigana kwa ajili ya simu, wakatufungia, wakatufungulia. Mama yupo?"

Tk.

Hakuanza na upuuzi wake wa kawaida. Akasema, "Dada, leo n'na maneno na Mama. Wewe usijibu."

"Haya."

"Mama. Mwenzetu mmoja amefiwa na mamake juzi. Wamemwita ofisini wakamwambia, akarudi, akakaa juu ya godoro lake. Hajalia. Anatwambia jambo moja tu, kwamba hajui kama mamake alikuwa radhi naye. Tangu juzi hilo hilo." Nikasikia akimeza mate. "Mama, mimi niliapa uongo juu ya msahafu wako. Wewe umeapa kweli, na kiapo chako kibaki, sikutaki useme. Nna jambo dogo tu. Kama una radhi na mimi, simamisha hicho kidude. Usiseme kitu. Kisimamishe tu, n'tasikia."

Dole gumba langu lilikuwa linakwenda. Tk. Tk.

Jambo alilolitaka lilikuwa jepesi hivyo. Kuacha. Ningekiacha, angelala usiku ule usingizi ambao hajaupata kwa miaka mitatu. Lakini ile ilikuwa radhi ya Mama, na Mama hakunikabidhi. Alinikabidhi funguo, na hati ya nyumba, na watoto wake wawili. Hiyo hakunikabidhi. Sikujua hata kama aliitoa. Nilikuwa nimemnakili kwa miezi saba, lakini pale niliona kuna mahali siwezi kumwingilia. Nikaendelea kubonyeza. Machozi yananiteremka, na mimi nabonyeza.

Hapo muadhini wa msikiti wetu akaanza.

Msikiti uko ng'ambo ya barabara, na dirisha la Mama linautazama. Sauti ilijaa chumba kizima. Nilijua, kwa namna ambayo mwili unajua, kwamba sasa kidude kinanyamaza. Na nilijua kwamba nikikinyamazisha sasa hivi, yeye atachukua kile kimya kuwa ni radhi, naye ameshakiomba, na anakisubiri. Mambo mawili hayo yakagongana ndani yangu na mkono wangu ukabaki bila ya mwenyewe. Allahu akbar, tk. Allahu akbar, tk. Adhana ilikwenda hadi mwisho, neno baada ya neno, na mimi nilibonyeza hadi mwisho.

"Basi, dada," mdogo wangu akasema, muadhini aliponyamaza. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeweka kitu chini kwa uangalifu. "Nenda kaswali."

"Bado dakika..."

Akakata. Hajawahi kukata hata siku moja dakika zikiwa zimebaki.

Sikuelewa papo hapo. Nilielewa bafuni, nilipofungua bomba kutia udhu, nikakiona kidude kiko kidoleni mwangu.

Alhamisi iliyofuata hakupiga. Wala ya pili. Nilimuuliza mtoto wa Shangazi kama fedha zilifika, akasema zilifika, zimepokewa. Dakika zipo, basi. Yeye ndiye hazitumii. Nilimwendea Shangazi, nikamweleza yote. Aliizungusha bangili yake kisha akasema, "Mie ndiye niliyekutia humo." Nikamwambia hapana, kidole kilikuwa changu.

Siku zile nilikuwa nahesabu siku tisa. Zikapita tisa. Nikahesabu tena. Nilipiga simu kule kila asubuhi kuuliza khabari zake, na kila asubuhi niliambiwa hajambo, na kila asubuhi nilifikiri kwamba hivyo hivyo ndivyo nilivyokuwa namjibu yeye: hajambo, yupo.

Alhamisi ya tatu nilikaa chumbani bila ya matumaini, kwa mazoea tu, na simu ikalia.

"Dada."

"Labeka."

"Usiweke spika."

Nikaiweka sikioni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sauti yake kuingia sikioni mwangu peke yangu.

"Lini?" akauliza.

"Wiki moja baada ya Idi. Jumanne."

"Miezi saba."

"Na zaidi sasa."

"Na wewe umebonyeza miezi saba."

"Nimebonyeza."

Nyuma yake nilisikia milango ya chuma na watu wakiitana. Kisha akacheka, kicheko kifupi kilichovunjika katikati. "Ulikuwa unakwenda mbio mno. Nikajisemea, bibi huyu siku hizi anakimbilia wapi?"

"Nilikuwa naogopa."

"Najua. Tangu siku zile nna wasiwasi, lakini nikaufukuza. Mtu akilipiwa simu asikie mamake, atajiambia si yeye? Mpaka ile adhana." Akavuta pumzi. "Dada, ungekisimamisha. Nilikuomba. Ungekisimamisha kabla ya adhana, ningeamini mpaka nife."

"Haikuwa yangu kuitoa."

"Hapana," akasema polepole. "Haikuwa yako." Kisha akauliza lile nililojua atauliza. "Alisema neno juu yangu?"

Nafasi ya kumdanganya ilikuwepo tena, na mara hii hata bila ya kidude. Nikamwambia, "Hospitali hakuweza kusema. Kabla ya hapo hakusema. Lakini siku ile alipoanguka alinituma ninunue vibati vya foili. Kumi. Alipika kwa mkono wake. Hakuniambia ni vya nini."

"Kumi?"

"Kumi."

"Wakala wangapi?"

"Sita. Samaki hawakutosha. Wanne aliwaweka kesho yake."

"Na wanne hao?"

"Vibati vyao viko juu ya friji."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Dada wee!" Nikamsikia analia sasa, waziwazi, kama alivyokuwa akilia mgongoni kwangu. Sikuwa na mkono wa kumshika. Nikakaa naye tu. Yule mwanamke wa kwenye simu akaingia kutwambia imebaki dakika moja, na yeye akasema juu ya sauti yake, haraka haraka, "Wape. Wape wanne hao, dada. Halafu n'tapiga."

Nikanunua samaki wa kutosha. Nikapika kama alivyopika, nikavishusha vile vibati, nikavipangusa vumbi, nikavijaza. Shangazi alikuja na gari lake, akavitazama, akasema, "Miezi yote hii nakunywa chai chini ya vitu hivi!" Akaendesha bila ya kuniuliza tunakwenda wapi.

Wadini tulikuta wafagiaji watatu. Mmoja wao alinikumbuka; zamani Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwapelekea chakula. Alipokea kibati kwa mikono miwili, akatazama ndani ya gari, akaniona mimi na Shangazi tu.

"Mama kabir wen?" Mama mkubwa yuko wapi?

Nilikuwa na jibu langu la siku zote mdomoni. Nikalimeza. "Mama amekufa," nikamwambia, kwa Kiarabu, kisha nikarudia kwa Kiswahili ambacho hakijui. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema maneno yale kwa sauti. Akavua kofia yake ya kazini.

Wa nne tulimtafuta hadi kwenye jengo linalojengwa, mlinzi wake amelala kitini na mdomo wazi. Shangazi alisema tumwekee pembeni. Nikakataa. Nilisimama pale juani hadi akaamka, nikampa mkononi, na sikuondoka mpaka nimemwona amefungua na kutia tonge la kwanza.

Sijui kama kumi hao walikuwa kafara ya Mama. Huenda alikuwa anawalisha tu, kama alivyowalisha watu maisha yake yote, na sisi tumekishika kitu hicho kwa kuwa hatuna kingine. Nimemwambia mdogo wangu hivyo pia. Sitaki tena kumpa kitu nisichokuwa nacho.

Alhamisi alipiga saa kumi na nusu, kwa wakati.

"Umewapa?"

"Nimewapa. Nimemwona wa mwisho akila."

"Basi niweke chumbani kwake. Weka spika, toka, funga mlango."

Niliiweka simu juu ya kitanda, mahali pake, ndani ya lile bonde. Kidude nilikuwa nimeshakifungia kabatini pamoja na msahafu wake. Nikatoka, nikafunga, nikakaa chini ukumbini na kofia yangu. Nilisikia sauti yake kupitia mlangoni, lakini maneno sikuyasikia, wala sikujaribu. Alisema kwa muda. Kisha akanyamaza, na kile kimya kikaenda, dakika kwa dakika, nami nashona. Hakuna kilichobonyezwa. Mwishowe mwanamke wa simu akasema imebaki moja. Hakuna aliyemjibu, wala mle ndani wala kule.

Simu ilipokatika nilikwenda kuichukua. Nilifika mlangoni, nikashika kitasa, nikakiachia. Nikapiga hodi kwanza.

Bado miaka mitatu aingie kwa mlango huu kwa miguu yake. Kila Alhamisi, dakika tano za mwanzo ni zangu. Zilizobaki namwekea chumbani. Kofia iliyoko mapajani mwangu sasa ni ya mwezi ujao.